Programu ya tahadhari ya hewa chafu: nyota tatu, na namba isiyosema ni ya nani

Nafundisha michezo shuleni. Kila asubuhi kabla ya kengele lazima niamue kama watoto watakimbia uwanjani au watabaki ukumbini, na kila darasa lina wenye pumu. Kwa hiyo programu za tahadhari ya hewa chafu kwangu si pambo la simu. Nikiamua ovyo, kuna mtoto atakayeishia kukaa pembeni ameshika kifua na kipulizia chake mkononi.

Ninayoitathmini hapa ni mojawapo ya zile kubwa za bure: ina ramani ya dunia nzima yenye vidoti vya rangi, inatuma arifa hewa inapochafuka, na inakubali kuunganishwa na kihisi chako mwenyewe. Sitaitaja jina, kwa sababu karibu kila nitakalolilalamikia linawahusu na wenzake, nao nimewajaribu. Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Nyota ya nne ilikuwa yake kabisa, ikaipoteza kwa uvivu wa kuandika mstari mmoja chini ya namba: imehesabiwa kwa kipimo cha nchi gani, na ni ya saa ngapi.

Nianze na yanayofanya kazi. Ramani inafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Arifa zinakuja zenyewe bila kulazimisha programu iwe wazi, jambo lililowashinda baadhi ya wenzake. Ukiwafunga tu, wanalala usingizi wa pono. Unaweza kuweka kizingiti chako mwenyewe, na unaweza kuiamuru ikae kimya usiku. Na kuna kitu kidogo ambacho sijakiona kwingine: kila rangi ina umbo lake pembeni. Mwenzangu mmoja kazini hatofautishi kijani na nyekundu. Kwenye programu nyingi, "tokeni nje" na "kaeni ndani" kwake ni doa lilelile. Aliyewaza hilo la maumbo nampa pongezi zake.

Sasa kiini chenyewe.

Kulikuwa na asubuhi ya moshi mwembamba, ule unaolifanya jua lichomoze rangi ya chungwa huku mwisho wa uwanja ukiwa bado unaonekana. Simu yangu ikasema 154, nyekundu, hewa mbaya kwa afya. Nikaandika kwenye kundi la wazazi kwamba mazoezi ya leo ni ndani. Haikuchukua muda, mzazi mmoja akajibu: "Mwalimu, kwangu inasoma 82 na imeandika hewa ni nzuri. Hiyo yako umeitoa wapi?" Mwingine akadakia: "Mimi ni 100, ya kuridhisha. Mwalimu, waache watoto wakimbie, wamechoka kukaa." Halafu baba mmoja, mtu wa maneno machache, akatuma picha ya skrini yake yenye namba 8. Nane! Ukiiweka hiyo kando ya 154 utadhani mwenzako anaishi kileleni mwa mlima.

Nikawaomba kila mmoja aibonyeze namba yake, aingie ndani, atafute palipoandikwa PM2.5, anisomee mikrogramu. Wote wakarudi na jibu moja: 60. Kituo kilikuwa kimoja, hewa moja, saa moja. Programu moja ilikuwa imekuja na simu kiwandani na ilikuwa inahesabu kwa kipimo cha China. Nyingine ilikuwa kwenye kipimo cha India. Yule wa 8 alikuwa amechagua cha Uingereza kwenye mipangilio, kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Mashine ya kituoni haipimi AQI, yaani fahirisi ya ubora wa hewa, ile namba inayoonekana kwenye simu. Inapima uzito wa chembe zilizo hewani: ni mikrogramu ngapi za PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini, zilizomo kwenye mita moja ya ujazo. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo hizi huzioni hata ukikodoa macho. Unaona ukungu tu zikiwa nyingi. Zinapenya hadi kwenye vifuko vya mapafu, na ndizo zinazowabana watoto wangu. AQI inakuja baadaye, mezani. Nchi inakaa, inajenga ngazi yake, inaamua kila kidato kianzie kwenye mikrogramu ngapi, kisha hesabu ya uwiano inageuza mikrogramu kuwa namba ya mahali ulipo kwenye ngazi hiyo.

Na ngazi hazifanani hata kidogo. Ya Marekani, kama ilivyo tangu 2024, inaipa kijani hewa ya hadi mikrogramu 9, njano hadi 35.4, rangi ya chungwa hadi 55.4, na kuanzia 55.5 unaingia nyekundu. Sitini zetu zinaangukia mwanzoni mwa nyekundu: 154. Ya China, ile ya 2012, inafikisha 50 kwenye mikrogramu 35 na 100 kwenye mikrogramu 75, kwa hiyo hewa ileile inatoka 82, daraja la pili kwa uzuri. Ya India inapandisha mpaka wa "kuridhisha" hadi mikrogramu 60 kamili, ndiyo 100 ya yule mzazi. Ya Uingereza haina mamia, inakwenda 1 hadi 10, na mikrogramu 59 hadi 64 ni 8, kundi la "juu". Ukiipeleka hewa hiyo Singapore utapewa 105, ambayo kwao tayari ni hewa isiyofaa kwa afya. Shirika la Afya Duniani lenyewe halitoi rangi wala namba ya ngazi. Linatoa mwongozo tu, na tangu Septemba 2021 mwongozo wake kwa saa 24 ni mikrogramu 15. Kwa jicho lake, asubuhi ile tulikuwa mara nne ya kiasi.

Kuna anayedanganya hapo? Sidhani, ingawa nawaelewa wanaofikiri hivyo. Nchi yenye viwanda na vumbi vingi ikichukua ngazi ya nchi yenye hewa safi, itakaa kwenye nyekundu miezi mfululizo, na watu wataizoea nyekundu mpaka wasiione. Shirika la Afya Duniani linalijua hilo. Ndiyo maana limeweka malengo ya muda ya kushukia taratibu, 75, kisha 50, kisha 37.5, kisha 25, kabla ya kuifikia 15. Ile 75 ya China kwenye namba 100 ndiyo lengo la kwanza katika orodha hiyo. Kwa hiyo nyuma ya ngazi kuna sera, na sera si dhambi. Mapafu ya mtoto ndiyo hayajui sera. Mikrogramu 60 zinambana mwenye pumu vilevile, iwe amezaliwa chini ya ngazi hii au ile, na mimi kwenye uwanja nashughulika na mapafu.

Lawama yangu basi haiendi kwa nchi, inakwenda kwa programu. Inayo mikrogramu. Inaipokea kutoka kituoni kabla ya kitu kingine chochote. Halafu inaificha kwenye ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo za kijivu, na mbele inakuwekea namba moja nene yenye rangi bila kusema ni ya ngazi gani. Jina la kipimo lipo kwenye mipangilio tu, na wanaofungua mipangilio ni wachache. Mbaya zaidi, inabadilisha kipimo chenyewe ukivuka mpaka wa nchi. Rafiki yangu anayesafiri sana kikazi aliwahi kushuka kwenye ndege akaona namba imeshuka nusu, akafurahi kwamba kafika penye hewa safi. Mikrogramu zilikuwa zimepanda.

Jambo hilihili lilijitokeza kwa sura nyingine Mei 2024. EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, lilikuwa limeshusha kiwango chake cha mwaka cha PM2.5 kutoka mikrogramu 12 hadi 9, na ngazi ya AQI ikarekebishwa kufuata. Kabla ya hapo kijani kilifika hadi 12. Hewa ya mikrogramu 10, iliyokuwa 42 ya kijani, ikaamka 53 ya njano. Anga ilikuwa ileile. Wazazi wakaniuliza kuna kiwanda gani kipya. Programu ilisasishwa kimyakimya, bila hata ujumbe wa kuwaambia watu kwamba kilichosogea ni kidato. Mtu anayefuatilia mwenendo wa mtoto wake kwa miezi, akiandika namba kwenye daftari la kliniki, alijikuta na mruko ambao daktari hawezi kuueleza. Kwa hili peke yake ningewanyang'anya nusu nyota, ila mfumo hauruhusu nusu.

La pili ni saa, na kwa mtu wa uwanjani hili linauma kuliko ngazi. Viwango vingi vimejengwa juu ya wastani wa saa 24. Ni sawa kwa utafiti wa afya, lakini mimi naamua kuhusu saa moja ijayo. Chukua siku ambayo hewa imetulia kwenye mikrogramu 15, kisha moshi unaingia kwa saa tatu na kuipandisha hadi 120, kisha unaondoka. Wastani wa saa 24 unatoka 28, ambao kwa ngazi ya Marekani ni 86, njano ya kawaida. Lakini ukiwa katikati ya moshi ule, saa yenyewe ilistahili 196, ukingoni mwa zambarau. Programu inayokuonyesha wastani wa siku itakuambia mambo shwari wakati watoto wanakohoa mbele yako, na itaendelea kupiga kelele jioni moshi ukiwa umeshapita.

Wamarekani wana dawa ya hili inayoitwa NowCast. Inaangalia saa 12 za mwisho lakini inazipa saa za karibu uzito mkubwa, na hewa ikibadilika ghafla, kila saa ya nyuma inahesabiwa kwa nusu ya ile iliyoifuata. Kwa mfano wangu wa juu, saa ya kwanza tu ya moshi inafikisha mikrogramu 67 na nukta, tayari nyekundu. Programu hii inatumia NowCast kwenye ramani, na hilo ni la kupongezwa. Kwenye arifa, hata hivyo, inaonekana inatumia kitu kingine chenye mwendo wa kobe. Nimeona mara nyingi ramani ikigeuka nyekundu na arifa ikija baadaye kabisa, kipindi kimeshakwisha. Niliwaandikia watoa huduma. Walijibu kwa adabu kwamba arifa "huthibitishwa" kwanza. Sawa, lakini tahadhari ikingoja mpaka hatari ithibitike kwa wote, imeshakuwa taarifa ya habari.

Kuhusu kihisi cha kuunganisha: chukua kama unaweza, ila ujue unachokichukua. Hivi vidogo vya ukutani havipimi uzito wa chembe. Vinapiga mwali wa leza na kusoma jinsi mwanga unavyotawanyika, kisha vinakisia uzito. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kihisi huona vumbi kubwa kuliko lililopo. Cha kwetu kimefungwa juu ya mlango wa ukumbi, mbali na maegesho. (Tafadhali usikitundike karibu na mahali magari yanapongoja huku injini zikinguruma, utakuwa unapima moshi wa gari moja na kuuita hewa ya mtaa.) Asubuhi za ukungu kinasoma karibu mara mbili ya kituo rasmi.

Dawa ipo na inajulikana. Kwa vihisi vya PurpleAir, watafiti wa EPA walichapisha mwaka 2021 kanuni ya kusahihisha: chukua usomaji, zidisha kwa 0.524, toa unyevu wa hewa uliozidishwa kwa 0.0862, ongeza 5.75. Kwa maneno mengine, kihisi kikisema 28 na unyevu ni asilimia 80, hewa yako ina mikrogramu 13 na nusu hivi. Kutoka kuvuka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unarudi ndani yake. Moshi ukiwa mzito kanuni hubadilika, lakini wazo ni lilelile, na ramani ya moto na moshi ya Marekani, inayoendeshwa na EPA pamoja na idara ya misitu, inaonyesha vihisi hivyo vikiwa vimeshasahihishwa. Programu yangu inavichanganya vyote kwenye ramani moja: kituo cha serikali chenye mashine kubwa iliyokaguliwa, na kihisi cha jirani kilichotundikwa kando ya tanuri lake. Vidoti vina ukubwa mmoja na sauti moja. Ukikibonyeza ndipo unaona alama ndogo ya nyumba au ya jengo. Kuna na aina ya tatu, vidoti visivyo na kituo kabisa. Hivyo ni makadirio ya kompyuta kutokana na satelaiti na upepo, na navyo vina namba kamili ya kujiamini kama vile mtu amesimama pale na mashine.

Nilianza kulitilia maanani hili Machi 2025, serikali ya Marekani ilipoacha kutangaza vipimo vya mashine zilizokuwa kwenye balozi zake duniani. Ubalozi wa Beijing ulianza kazi hiyo 2008, ukitoa usomaji kila saa, na Januari 2013 ulitangaza 755 kwenye ngazi ambayo rasmi inaishia 500. Kwa miji mingi duniani mashine za balozi ndizo zilikuwa kituo pekee cha kuaminika. Zilipozimwa, nilitegemea kuona mashimo kwenye ramani. Sikuyaona. Vidoti vilibaki palepale na rangi zao, isipokuwa sasa kilichokuwa kipimo kimekuwa makadirio. Mtumiaji wa kawaida hakuambiwa lolote.

Hiyo 755 inanikumbusha suala la dari. Ngazi ya India inaishia 500 na takwimu rasmi hazipiti hapo, hata hewa iwe imeharibika kiasi gani. Kwenye moshi wa Novemba 2024 jijini Delhi, takwimu rasmi zilibanana chini kidogo ya 500 wakati programu za kimataifa zilikuwa zinaonyesha zaidi ya 1000. Watu wakagombana mitandaoni nani mkweli. Kila mmoja alikuwa mkweli kwenye ngazi yake. Mmoja ana dari na mwingine ametoboa paa. Kwa vitendo haibadilishi kitu, ukifika huko hakuna mtoto anayetoka nje.

Kingine ambacho programu haikielezi, na nilikipata kwa kusoma mwenyewe, ni kwamba AQI ya nchi nyingi haijumlishi uchafu. Inapima chembe, ozoni, naitrojeni dayoksaidi na wenzao kila mmoja peke yake, kisha inakutajia namba ya aliye mbaya kuliko wote. Siku yenye wabaya watatu wa kiasi inaweza kutoka sawa na siku yenye mmoja tu. Kanada walikataa mtindo huo. Fahirisi yao ya 1 hadi 10 na kuendelea inajumlisha hatari ya ozoni, naitrojeni dayoksaidi na PM2.5 kwa wastani wa saa tatu. Naipenda fikra hiyo, lakini nayo ilikutana na ukuta wake: moshi wa moto wa msituni unaleta chembe tele na gesi kidogo, na fomula ikawa inatoa namba ndogo kuliko hali ambayo watu waliiona kwa macho. Jimbo lao la British Columbia likaongeza hesabu ya pili inayotazama PM2.5 ya saa moja, na ikizidi ile ya kwanza ndiyo inayotangazwa.

Kwa mkufunzi, kumjua mbaya wa siku ni muhimu kuliko namba yake. Ozoni hujengwa na jua kali, kwa hiyo hupanda mchana na alasiri. Ukihamishia mazoezi asubuhi umeikwepa, na kujifungia ndani husaidia sana maana haipenyi kirahisi. Chembe za moshi zinaingia hata milango ikiwa imefungwa, na mara nyingi hulala chini asubuhi wakati upepo umetulia. Programu inalitaja jina la mbaya wa siku, kwa herufi ndogo, chini ya picha ya katuni iliyovaa barakoa. Ushauri ulio chini ya katuni ni uleule kwa vyote: funga madirisha, punguza mazoezi. Hapa kuna nafasi nzuri wameipoteza. EPA kwa kushirikiana na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wana mwongozo wa shule unaoeleza kwa kila rangi nini kifanyike: kwenye rangi ya chungwa mapumziko ya nje ni sawa, lakini mazoezi marefu yawe na vituo vya kupumzika, kwenye nyekundu yale marefu na makali yafikiriwe kuhamishiwa ndani. Wangeuweka huo palepale, ungesaidia walimu kuliko katuni.

Jinsi ninavyoitumia kwa sasa, kwa anayetaka kunakili: ingia kwenye mipangilio, chagua kipimo cha Marekani na uzime ile "kipimo cha mahali ulipo" ili kisibadilike ukisafiri. Kwenye arifa, acha kizingiti cha rangi na uchague cha mikrogramu. Kipo, kimejificha chini ya "zaidi". Changu nimeweka viwili. Kikivuka 35 nafupisha kipindi na wenye pumu nawapa kazi ya kuhesabu na kupiga filimbi. Kikivuka 55 tunaingia ukumbini wote, hata kama baba wa 8 atanitumia picha nyingine. Kwenye ramani zima makadirio, acha vituo na vihisi. Na kwenye kundi la wazazi sasa tunaandikiana mikrogramu tu, kwa makubaliano. Mabishano yamepungua sana, ingawa kuna mama mmoja ambaye bado anaanza kila ujumbe kwa "Mwalimu, kwangu ni kijani".

Ukitaka programu ya kuangalia mara mojamoja kabla ya kwenda kukimbia, hii inatosha na utaipenda. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, au watoto wa watu mikononi, isakinishe lakini fanya mabadiliko hayo siku hiyohiyo, na usizingoje arifa zake, fungua ramani mwenyewe. Wenye simu za zamani wazime pia ule mchoro wa upepo unaotembea juu ya ramani. Ni mzuri kuutazama, ila unakula betri, na simu inapata joto mpaka inazima kabla ya kipindi cha mwisho.